Amplifaya ya Baba Yapata Muziki wa Intaneti

Amplifaya aliyotuachia marehemu baba ilikaa kabatini hapa Kirumba, Mwanza, kwa miaka mingi, kwa kuwa wakati inatengenezwa hapakuwa na bluetuthi wala Wi-Fi majumbani. Sikukubali kuiuza. Nilinunua kipokezi kidogo cha Wi-Fi, chenye sehemu inayogeuza data ya kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya sauti, nikakiunga kwa waya wenye ncha nyekundu na nyeupe kwenye matundu ya kuingizia sauti yaliyoandikwa AUX. Yale ya PHONO ni ya santuri pekee, na ukiyatumia kwa kipokezi, sauti hukwaruza na besi huzidi.

Niliikwepa bluetuthi kwa makusudi, kwani muziki wa kiwango cha CD hubeba takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde, ilhali bluetuthi ya kawaida huubana hadi chini ya robo ya hapo. Bando nalo huliwa haraka, hivyo hupakua albamu mapema.

Jana jioni, upepo wa ziwa ukiingia dirishani, gitaa la pili la rumba lilisikika waziwazi katika spika ya kushoto likilijibu la kwanza, na mama, aliyekuwa akichambua dagaa, akasimamisha mikono kusikiliza.