Adhana ya Magharibi kwenye 14.074

Ramadhani ya 2018 ilinikuta na redio nzuri isiyojua kuzungumza na kompyuta. Ni Yaesu FT-857, redio ya kutuma na kupokea, niliyoinunua mkononi mwa mtu, rangi imechubuka pembeni, lakini wati zake 100 ilikuwa inazitoa bila kinyongo. Antena ilikuwa waya wa mita 10 uliokatwa katikati, nikautandaza juu ya paa la nyumba yetu Kibokoni, kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye mlingoti wa televisheni ya jirani. Siku ya kwanza tu kunguru walishaufanya pembea.

Kuongea kwa mdomo kulikuwa kumenichosha. Jua mwaka ule lilikuwa limepoa, madoa yake yakihesabika, na sauti ya mtu ilizama kwenye mvumo kabla hujaelewa jina lake. Wenzangu wa redio ya ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, walikuwa wamehamia FT8, mtindo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio, uliotolewa mwaka mmoja nyuma na Steve Franke na Joe Taylor. Taylor huyu ndiye yule wa Nobel ya fizikia ya 1993. Kompyuta inapiga toni nane kwa kupokezana, sekunde 12.64, kisha inanyamaza na kumpisha mwenzio kwenye robo dakika inayofuata. Inapenya pale ambapo sikio halisikii kitu. Sharti lake ni saa: zikipishana sekunde mbili tatu, hamuonani. Na saa yenyewe ni UTC, saa moja ya dunia nzima, ambayo kwetu sisi haina taabu. Chukua saa ya Kiswahili, ongeza tatu. Saa kumi na mbili jioni ni 15, basi. Wazungu wanatoa na kujumlisha, sisi tunahesabu vidole vitatu.

Kilichokosekana ni kitu cha katikati: cha kupeleka sauti ya kompyuta kwenye redio, kuleta ya redio kwenye kompyuta, na kuiambia redio lini itume na lini isikilize. Mzee mmoja wa Nyali, aliyeanza redio mimi sijazaliwa, aliniazima kisanduku chake. Kina kadi ya sauti ndani, waya mmoja wa USB, mwingine unaingia nyuma ya redio kwenye kile kitundu cha pini sita. Uzuri wake ni kwamba hakina haja ya waya wa ziada wa kubonyeza redio. Kinasikiliza chenyewe: kikipata sauti yoyote kutoka kwenye kompyuta, kinaifunga swichi na redio inatuma. Sauti ikikoma, kinaachia.

Neno ni hilo, "yoyote". Nililisoma kwenye karatasi ya maelekezo, nikalipita.

Nilikifunga alasiri, nimefunga na mimi, midomo mikavu. Kufikia saa kumi na mbili kasoro masafa ya megahezi 14.074, wanapokutana watu wa FT8, yalikuwa yamejaa Ulaya. Nikapunguza nguvu hadi wati 25, maana redio inayotuma karibu mfululizo huchemka, nikateremsha sauti mpaka kipimo cha ALC, kinachoonyesha sauti iliyozidi, kikalala kabisa, nikaita. Mtaliano akajibu. Nilipoona herufi za kituo changu na KI95, mraba wa Mombasa kwenye ramani ya watu wa redio, zikirudi kutoka Italia, nilipiga ukelele hadi mamangu huko chini akauliza kuna nini. Tulipomaliza na yule bwana nikazima kitufe cha kutuma, nikaacha programu isikilize tu, nikashuka jikoni. Mbaazi za nazi zilikuwa tayari, mahamri yamefunikwa kwa kitambaa, uji wa pilipili manga unatoa moshi. Nikapewa sinia nipandishe juu, siku hizo tulikuwa tunafuturu barazani kwa ajili ya upepo.

Nilipofika mlangoni na sinia, taa nyekundu ya redio ilikuwa inawaka.

Nikasimama. Kutuma nilikuzima kwa mkono wangu. Taa ikazimika. Nikashusha pumzi. Ikawaka tena, ikakaa kitambo, ikazimika, ikawaka kwa muda mrefu zaidi. Laptopu yenyewe kimya, haitoi hata mlio. Nilidhani programu imekwama. Kisha msikiti wa Mandhry ukaanza kuadhini, na nikiisikiliza sauti ya muadhini ikipanda na kupumua ndipo macho yangu yalipokwenda kwenye kona ya skrini. Pale palikuwa na dirisha dogo la kijani la programu ya nyakati za sala niliyowekewa na ndugu yangu: Magharibi.

Laptopu haikulia kwa sababu sauti yake haikuwa inatoka kwenye spika. Nilipochomeka kisanduku, Windows iliona kadi mpya ya sauti ikaifanya ndiyo ya kutumia kwa kila kitu. Adhana ilikuwa inaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinaibonyeza redio, redio inaipeleka hewani, na kila muadhini alipopumua taa nayo ikapumua.

Sinia niliiweka chini vipi sikumbuki. Nilizima redio kwa swichi yake kubwa. Nadhani ilikuwa imeshaenda nusu dakika. Sheria za redio ya ridhaa ziko wazi: hapo si mahali pa kutangazia, hata kama ni jambo jema. Nikakaa kitako, tende mkononi, sijui nicheke au nitubu.

Mamangu akapanda. "Mbona umepauka? Futuru kwanza."

Nikamweleza. Alifikiri kidogo. "Walisikia huko?"

"Aliyekuwa ameweka sikio labda alisikia."

"Basi ni saa yao nao kufuturu," akasema, akakaa kumimina uji.

Mzee wa Nyali nilimpigia baada ya tarawehe. Alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, kisanduku hakina kosa. Rudisha sauti za kompyuta kwenye spika zake, kadi ile uiachie FT8 peke yake. Dakika moja." Alikuwa na haki. Lakini mimi nilishaingiwa na wasiwasi. Sikutaka tena kitu kinachoamua chenyewe lini redio itume. Na kisanduku ilibidi nikirudishe, cha kuagiza kama kile ng'ambo pamoja na usafiri na ushuru kilinipita kimo.

Nikaenda Makupa kwa fundi mmoja anayerundika maiti za kompyuta hadi dari. Nilimwambia nataka kadi ya sauti bora kuliko zote. Hakuuliza bei, aliuliza: "Ardhi ya kompyuta na ardhi ya redio zitakutana wapi?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba chaja ya laptopu ina ardhi yake na pawa ya redio ina yake, nikiziunganisha kwa waya wa sauti tu nitapata ngurumo, na umeme wa antena utarudi kwa njia hiyo hiyo kuivuruga kompyuta. Kadi ya bei mbaya haitanisaidia kitu. Akachimba rundo akatoa modemu mbili za simu za zamani, zile za kulia kama paka zikiingia intaneti. Kila moja ina tiransfoma ndogo ya om 600, imetengenezwa hasa kupitisha sauti bila kugusanisha waya wa huku na wa kule. Moja ya kwenda, moja ya kurudi. Kutoka kwenye chaja ya simu iliyokufa akachomoa kidude cha miguu minne chenye taa ndani: kompyuta inawasha taa kwa waya wake wa RTS, ule wa kutoa ishara ya kuwasha na kuzima, upande wa pili unaona mwanga na kubonyeza redio. Hakuna sauti inayohusika hapo. Kadi ya sauti ilikuwa ile ya kuchomeka kwenye USB, ndogo kama kidole gumba, ya shilingi 350. Ukinzani wa kupunguza sauti, maana kitundu kile cha redio kinataka kidogo sana, nilikuwa nao nyumbani.

Nililehemu usiku mbili, baina ya tarawehe na daku, ndani ya kopo la biskuti. Ni kibaya kukitazama.

Siku ya tatu saa kumi na mbili na robo tulikuwa barazani, mlango wa chumba wazi, FT8 inasikiliza. Adhana ikatoka kwenye spika za laptopu, nyembamba, sekunde chache kabla ya ile ya msikiti. Taa ya redio ikabaki kijani. Mamangu aligeuka akaitazama.

"Leo umewanyima?" akasema.