Kipunji Katika Ukungu wa Rungwe

Nilipanda Mlima Rungwe peke yangu kwa sababu nilihitaji siku chache za kukaa bila mazungumzo. Mlima huo, volkano iliyolala kati ya Mbeya na Tukuyu, una urefu unaokaribia mita 3,000, na sehemu kubwa ya siku hufunikwa na ukungu.

Asubuhi moja, nilipokuwa nikichemsha chai kando ya hema, nilisikia mlio mzito uliofanana na mbweko uliokatizwa ghafla, tofauti kabisa na ngurumo ndefu ya mbega. Matawi yalitikisika, akajitokeza kima wa rangi ya kahawia, mwenye uso mweusi, manyoya marefu mashavuni na kishungi kilichosimama wima utosini. Alikuwa kipunji. Nilijua kwamba wanaishi katika msitu huo, lakini ni wanyama wenye haya nyingi, na sikuwa nimethubutu kutumaini kumwona hata mmoja. Nyuma yake walikuwapo wengine, na mmoja wao alikuwa na mtoto aliyemng'ang'ania tumboni. Yule wa mbele aliketi juu ya tawi akanitazama, nami nikamtazama, nikiiacha chai ifurike na kumwagikia moto kwa kuogopa kunyoosha mkono. Ninapotembea na wenzangu huwa tunazungumza njia nzima, na nina hakika kwamba kundi lile lingetusikia mapema likatoweka.

Wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu kipunji tangu zamani, na ni masimulizi yao yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta mwaka 2003. Alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Vinasaba vyake vinaonyesha kwamba ana undugu wa karibu na nyani. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwa walikuwapo 1,117 tu duniani, wote wakiwa Tanzania, katika misitu ya Rungwe, Kitulo na Ndundulu. Ilikuwa idadi ndogo kuliko ya wanafunzi wa baadhi ya shule za msingi nchini. Nilipomwona yule mtoto, takwimu hiyo iliniuma kwa namna ambayo haikuwahi kuniuma nilipoisoma.

Nilipokuwa nikiteremka nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi mpakani mwa msitu, naye akaniuliza kama nimewaona wale wanaokula mahindi yake. Nilimweleza idadi yao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi sitaki waishe, ila shamba langu ni hili moja." Tulizungumza kwa muda mrefu, yeye akiwaza kupanda chai katika matuta yanayopakana na miti, kwa kuwa hajawahi kuona kima akila majani ya chai, na mimi nikimuuliza miche hupatikana wapi na kwa bei gani.