Mia tano kwa mwezi

Ukisubiri waziri asimame bungeni aseme bajeti ya elimu imekatwa, utasubiri sana. Huku kwetu Tanzania haikatwi kwa panga. Kiwango kinaachwa palepale, bei zinapanda, kisha hela inachelewa au inafika pungufu.

Chukua ruzuku ya uendeshaji, yaani hela ambayo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi. Mtoto wa shule ya msingi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Hapo 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo ya shule. Tangu Januari 2016 inatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Gawa kwa miezi 12: mia tano.

Shule ya Nyamagana, mjini Mwanza, yenye watoto 800 inastahili 400,000 kwa mwezi. Sasa piga hesabu ya jaribio moja tu: masomo sita, karatasi mbili kila somo, watoto 800. Ni karatasi 9,600, yaani rimu 20 kasoro kidogo. Rimu ukiipata kwa 12,000, ni 240,000, bado wino. Kinachobaki kigawane chaki, maji, mlinzi na kitasa kilichovunjika. Choo usikiguse: kwa wasichana 400 na wavulana 400 yanatakiwa matundu 36 (tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25), na ruzuku hii hata shimo haichimbi.

Visiwani Ziwa Victoria ni kubaya zaidi, na hili halisemwi vya kutosha. Shule ya watoto 150 kule Ukerewe inapata 75,000 kwa mwezi. Mlinzi ni mmoja kama wa mjini, lakini boksi la chaki linapanda mtumbwi, na mwalimu mkuu akiitwa Nansio, makao makuu ya wilaya, nauli ni ileile hata kama ana watoto wachache. Kugawa kwa vichwa kunaiumiza shule ndogo kabla hata hakijakatwa kitu. Pengo hilo huzibwa na “michango ya hiari” ambayo mtoto anarudishwa nyumbani asipoileta, ingawa waraka unakataza.

Kupinga kunaanzia kwenye ubao wa matangazo wa shule. Nakili mapokezi ya ruzuku ya miezi 12. Zidisha idadi ya watoto kwa 6,000, linganisha. Angalia idadi iliyotumika, maana takwimu zisipohuishwa, wanafunzi wapya wanakula hela ya wenzao. Usichanganye “iliyotengwa” na “iliyopokelewa”. Ukikosea hapo, ofisa atakumaliza kwa sentensi moja. Ubao ukiwa mtupu, andika ombi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Majibu yanatakiwa ndani ya siku 30.

Tofauti ikionekana, iingie kwenye muhtasari wa kamati ya shule, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aibebe. Wengi hukosea muda. Wanapiga kelele Juni, bajeti ikisomwa Dodoma, wakati rasimu ya halmashauri ilishapita kwa madiwani miezi kadhaa nyuma. Muhtasari uwe mezani kwa diwani kabla ya Krismasi, kwa nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu.