Nilivyopata hoteli ya bei nafuu Berlin, karibu na dinosaria wa Tendaguru

Wanaokwambia "ukifika Berlin chukua hoteli Alexanderplatz, ndiyo katikati" hawajakuuliza unakwenda kuona nini. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona Giraffatitan, dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913. Leo mifupa yake imesimamishwa katika ukumbi wa Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia ya asili, na kichwa kiko mita 13.27 kutoka sakafuni. Makumbusho hayo yako Invalidenstraße nambari 43. Kutoka Alexanderplatz unapanda tramu kwanza ndipo ufike, na chumba umeshakilipia bei ya watu wanaotaka kuuona mnara wa televisheni dirishani. Ushauri huo unarudiwa na kila mtu, na umewatoa Watanzania wengi pesa bila sababu.

Njia iliyonifaa ni kuanzia mlangoni mwa makumbusho. Fungua ramani ya simu, weka alama Invalidenstraße 43, kisha panga hoteli kwa umbali kutoka hapo, usipange kwa umbali kutoka "katikati ya jiji". Ndani ya mita mia tano utaona hoteli za wafanyabiashara na chache za bei ya kati. Ukiishia hapo utakata tamaa. Achana na duara, fuata reli.

Lakini kabla ya reli, soma nambari ya posta ya hoteli. Hakuna kitu kilichonisaidia kama hiki, na sikukisikia kwa mtu yeyote. Mitte, wilaya ya katikati ya Berlin, ni kubwa sana: mwaka 2001 wilaya tatu za zamani, yaani Mitte yenyewe, Tiergarten na Wedding, ziliunganishwa kuwa moja. Kwa hiyo hoteli iliyoko mbali kabisa huko Moabit, mtaa wa magharibi mwa wilaya hiyo, inaweza kuandika "Berlin-Mitte" na isiwe imesema uongo. Ndugu yangu mmoja alinitumia tangazo la hoteli ya namna hiyo kwa furaha: Mitte, dakika chache kutoka stesheni kuu, picha za shuka nyeupe, bei ya kuvutia. Nikashika nafasi, kisha nikateremka mpaka kwenye anwani: 10553. Hiyo ni Moabit ya magharibi, upande wa Beusselstraße. Nikapima safari ya kutoka pale mpaka makumbusho saa tatu asubuhi siku ya kazi, nikaona basi, kisha tramu, na kutembea pande zote mbili. Zile dakika chache zilikuwa za gari, usiku, barabara tupu. Nikaifuta nafasi ile siku hiyohiyo, kabla muda wa kughairi bure haujapita.

Basi zishike nambari hizi. 10115 ndiyo ya makumbusho yenyewe na mitaa inayoyazunguka. 10117 ni Friedrichstraße na Unter den Linden, karibu na kisiwa cha makumbusho, Museumsinsel, na hapo bei hupanda. 10119 na 10178 ni upande wa Rosenthaler Platz, Hackescher Markt na Alexanderplatz. Zinazoanza na 133, kama 13347 na 13353, ni Wedding, na huko ndiko nilikolala. Zinazoanza na 105 ni Moabit na jirani zake. Moabit usiitupe yote: tramu ya M10 sasa inaanzia Turmstraße, inapita stesheni kuu na kusimama Naturkundemuseum. Hoteli inayokuwezesha kutembea mpaka Turmstraße inafaa. Ya upande wa Beusselstraße iache.

Sasa reli. Treni ya chini ya ardhi (U-Bahn) ya U6 inakata jiji kutoka kaskazini hadi kusini, na ina kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, hatua chache kutoka mlango wa makumbusho. Kutoka hapo ukielekea kusini unapita Oranienburger Tor, Friedrichstraße, kisha Unter den Linden. Hapo Unter den Linden unabadilisha kuingia U5, na kituo kinachofuata ni Museumsinsel. Ukiendelea na U6 mpaka Hallesches Tor unatembea kidogo unafika Makumbusho ya Wayahudi. Ukielekea kaskazini kutoka Naturkundemuseum unapita Schwartzkopffstraße, Reinickendorfer Straße, halafu Wedding. Hoteli yoyote inayokaa juu ya mstari huo inakufikisha bila kubadilisha treni, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo bei inavyoshuka.

Kituo cha Wedding kina faida ambayo watu wengi hawaioni. Berlin kuna tiketi ya safari fupi, kwenye mashine imeandikwa Kurzstrecke, ambayo bei yake iko chini sana kuliko ya kawaida. Inaruhusu vituo vitatu vya treni, au sita vya basi na tramu. Hesabu: unapanda Wedding, cha kwanza Reinickendorfer Straße, cha pili Schwartzkopffstraße, cha tatu Naturkundemuseum. Umefika. Ukilala Leopoldplatz, kituo kimoja tu zaidi kaskazini, vinakuwa vinne, na unalipa tiketi nzima kila ukienda na kila ukirudi. Kwa familia ya watu wanne tofauti hiyo kwa siku inatosha kumnunulia mtu mmoja chakula cha mchana. Kwa hiyo nikiona hoteli mbili za bei moja, moja Leopoldplatz na moja kituo cha Wedding, sijiulizi mara mbili. Ya Leopoldplatz labda iwe rahisi kwa euro kumi na zaidi.

Mtego uleule uko stesheni kuu, Hauptbahnhof. Watu huchukua hosteli pale wakidhani wako karibu na kila kitu. Kwenda kwa dinosaria ni kweli: tramu za M5, M8 na M10 zinafika kwa vituo viwili, au tembea robo saa. Lakini kwenda Museumsinsel kwa U5 ni vituo vinne: Bundestag, Brandenburger Tor, Unter den Linden, Museumsinsel. Safari fupi haifiki. Shuka Unter den Linden utembee kiasi, au lipa tiketi kamili. Na ukiona siku hiyo utafanya safari tatu ndefu, tiketi ya saa 24 ya eneo la AB, yaani jiji lenyewe, inakuwa na nafuu.

Tiketi ya karatasi ukinunua kwenye mashine ya U-Bahn, igonge muhuri kwenye kile kisanduku kilichosimama jukwaani kabla hujapanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, hawakubali maelezo ya mgeni, na faini ni euro 60. Kutoka uwanja wa ndege wa BER ni lazima tiketi ya ABC, kwa sababu uwanja uko eneo la C, nje ya jiji. Wanaonunua AB hukamatwa kabla hawajaona hata hoteli yao. Panda FEX, treni ya uwanja wa ndege, mpaka Hauptbahnhof, tramu mpaka Naturkundemuseum, kisha U6 kwenda kaskazini. Tiketi hiyo moja inafika mpaka mwisho.

Ukiwa mtaani usihangaike na nambari za nyumba. Mitaa mingi ya zamani ya Berlin nambari zake hupanda upande mmoja mpaka mwisho wa mtaa, kisha hugeuka na kurudi upande wa pili. Müllerstraße, mtaa mkuu wa Wedding, uko hivyo: kusini mwake nyumba za nambari ndogo kabisa zinatazamana na za 170 na kitu. Mtu akiona nambari 5 halafu anatafuta 178, anabeba sanduku kwenda mbali bure, kumbe avuke barabara tu. Kwenye kila kona kibao cha mtaa huonyesha nambari za kipande hicho. Kisome kwanza.

Bei zenyewe hucheza, lakini kwa makadirio: kitanda katika chumba cha watu wengi ni euro 20 hadi 35, chumba chako chenye bafu la pamoja kama 50 hadi 70, chenye bafu lake 70 kwenda juu. Juu ya hiyo kuna kodi ya jiji, tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5 ya bei ya kulala. Baadhi ya tovuti haziijumlishi, unadaiwa mapokezi. Kwa hiyo linganisha hoteli baada ya kuiongeza. Hosteli pia uliza shuka, taulo na kufuli ya kabati: kitanda cha euro 22 chenye shuka za kulipia kinaweza kuzidi cha 25 chenye kila kitu. Chai ya asubuhi ya hoteli iache. Duka la mikate mtaani linakupa mkate uliojazwa na kahawa kwa sehemu ya bei hiyo. Ila kumbuka Jumapili maduka ya vyakula yamefungwa kisheria, ubaki na yale ya ndani ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof. Nunua Jumamosi.

Kalenda ndiyo inayoua bajeti kuliko mtaa. Februari kuna tamasha la filamu la Berlinale, Machi maonyesho ya utalii ya ITB, Septemba mwanzoni IFA ya vifaa vya elektroniki, na mwishoni mwa Septemba marathoni, ambayo Wakenya wameishinda mara nyingi sana na mashabiki hujaza jiji. Chumba kilekile siku hizo huweza kuuzwa mara mbili ya bei yake. Novemba kabla ya masoko ya Krismasi hayajafunguliwa ni mwezi mzuri, kama baridi na jua la kuzama mapema havikusumbui. Ndani ya makumbusho hutavihisi.

Ndani ya wiki, usiku wa Jumapili ndio rahisi: watalii wa wikiendi wameondoka, wafanyabiashara hawajafika. Tatizo ni kwamba Jumatatu Museum für Naturkunde imefungwa, na Museumsinsel nako ni hivyo kwa sehemu kubwa, Neues Museum yenye kichwa cha Nefertiti ikiwemo. Humboldt Forum, ambako mikusanyo ya Afrika iko, inafungwa Jumanne na si Jumatatu. Panga hivi: ingia Jumapili, Jumatatu nenda Humboldt Forum, Jumanne asubuhi nenda kwa dinosaria wakifungua saa tatu na nusu, kabla mabasi ya shule hayajajaa. Usiku wa bei nafuu umeutumia na hukupoteza siku. Pergamonmuseum, makumbusho maarufu ya Museumsinsel, ilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi, kwa hiyo usikubali kulipa zaidi kwa hoteli inayojisifu kuwa jirani yake.

Kwa anayetoka nyumbani na pasipoti yetu, nafasi ya hoteli inahitajika kwenye maombi ya viza ya Schengen. Chukua yenye kughairi bure mpaka siku chache kabla ya safari, hata ikizidi kidogo. Ile isiyorudishwa pesa inunue viza ikiwa mkononi. Jina kwenye nafasi lifanane na pasipoti herufi kwa herufi, kwa maana mapokezi watakupa fomu ya wageni ujaze na utie saini. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inaweza kulipia nafasi, lakini wakitaka kushika amana huomba kadi ya plastiki yenye jina lako. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Ukichagua shilingi, viwango vya kubadilisha vinakuumiza.

Wedding ni mtaa wa watu wa kawaida, Waturuki, Waarabu, Waafrika wengi. Chakula halali kipo kila hatua Müllerstraße na bei yake ni ya wenyeji. Leopoldplatz kuna walevi na watumiaji wa dawa, hasa jioni. Hawakusumbui usipowasumbua, lakini mwenye watoto achague hoteli upande wa kituo cha Wedding. Müllerstraße ina kelele za magari, kwa hiyo andika ujumbe mapema uombe chumba kinachotazama ua wa nyuma. Uliza pia kama kuna lifti, maana majengo mengi ya zamani hayana, na ghorofa ya nne yenye sanduku la kilo 23 si mchezo. Kiangazi uliza feni, kwani kiyoyozi katika hoteli za bei hii ni nadra.

Jioni moja panda U6 hiyohiyo kwenda kaskazini, ushuke Rehberge au Afrikanische Straße. Hapo ni mtaa ambao Wajerumani waliupa majina ya makoloni yao na ya sehemu nyingine za Afrika: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Kwa Mtanzania aliyetoka kuona mifupa ya Lindi, kibao hicho kinastahili kituo hicho cha ziada.

Siku ya kuondoka, toa chumba asubuhi lakini acha sanduku mapokezi. Wengi hulihifadhi bure, hosteli nyingine hutoza euro chache. Usilikokote makumbusho, kwa kuwa makabati ya pale ni ya mikoba na makoti. Ukiwa unaondokea Hauptbahnhof, makabati ya stesheni hufunguliwa kwa malipo, nayo makubwa huisha mapema siku za wikiendi, kwa hiyo pitia hapo kabla ya saa nne asubuhi.