Chale za bibi

Desemba 2013 nilikua mwaka wa pili chuo hapo Dar, likizo nikashuka Newala kwa bibi mzaa mama na kamera ya kuazima, Canon 1100D na ile lenzi yake ya 18-55 inayokuja nayo kwenye boksi, mwenyewe kanipa wiki mbili tu, usiku nalala nayo kichwani.

Muhula ule ndo tulikua tumeanza Photoshop, na kitu kilichonikamata kuliko vyote ni hiling brashi. Unapitisha juu ya chunusi, programu inachukua ngozi ya pembeni inafukia, hapo hapo shavu linakua safi kama la kwenye kalenda. Nlikua namsafisha kila mtu.

Sasa bibi ni Mmakonde wa zamani, ana chale usoni, mistari ya pembe pembe mashavuni na kwenye paji, alichanjwa akiwa binti wakapaka masizi. Siku ya kwanza nikamsimamisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa nane mchana, jua liko utosini. Uso ukatoka mweusi tii hauonekani hata macho, maana kamera inapima mwanga wa picha nzima, ikiona ukuta mweupe vile inadhani kumezidi kung'aa inapunguza, ilitakiwa niongeze mwanga mimi mwenyewe na sikuongeza. Afu nlikua napiga JPEG, faili ambalo kamera imeshalibana, pale penye giza panabaki kidogo cha kuokoa. Usiku nikaufungua kwenye laptop nikavuta pale penye giza, zikaja vinukta vya rangi kibao, nikavilainisha, na katika kulainisha nikaanza kupitisha brashi kwenye chale. Mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu kabisa, karibu masaa mawili, nikiamini namtengenezea bibi yangu zawadi. Nikasevu juu ya faili lile lile, nikafunga.

Asubuhi nikamuonyesha, betri imebaki kidogo na pale nyumbani umeme hakuna. Akaangalia muda mrefu.

"Mume wangu, huyu nani?"

"Ni wewe bibi."

"Mie nna chale. Huyu hana kwao."

Hakusema kwa hasira, akarudi kubangua korosho zake. Mi nikabaki na laptop mapajani, nafungua faili upya kutafuta pa kurudi nyuma, hakuna, ukishafunga faili hatua zote zinafutika, na leya ya pili, yaani nakala ya picha inayokaa juu ya ile ya asili, sikutengeneza, kitu cha kubonyeza Ctrl na J basi. Uso wake halisi ulikua umeondoka kwenye kadi ya kamera kwa mkono wangu. Iliniuma, na bado inaniuma nikiikumbuka.

Kesho yake nikamuomba tena. Nikaweka kigoda mlangoni, bibi akakaa ubavu kwa nje, mwanga wa asubuhi unamgonga shavu la kushoto tu, nyuma yake giza la ndani. Safari hii nikaweka RAW, faili ghafi ambalo kamera hailibani kama JPEG, na kwa vile nyuma ni giza kamera ingeongeza mwanga kupita kiasi, nikaushusha theluthi mbili ya stopu, kile kipimo cha mwanga cha kamera. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nikaweka 800, nikashusha pumzi nikabonyeza. Nilivyoikuza kwenye skrini ya nyuma nikaona kitu ambacho jua la saa nane halikunionyesha, mwanga ukija ubavuni kila chale inajitupia kivuli chake kidogo, mistari ile imeinuka, unaweza kuihesabu, na kanga yake inaonekana mpaka uzi uliochomoka.

Sikugusa hiling brashi. Nilipandisha kidogo weupe wa jicho, nikakata pembeni, basi.

Bibi akaisogelea laptop akaanza kuifuata mistari kwa kidole, taratibu, mpaka taya la kushoto pale mmoja umepinda kuliko wenzake.

"Hapa nilitikisika," akasema, "fundi akanigombeza, mama akanishika kichwa."