Magurudumu ya treni ndogo za reli ya upana wa milimita 12 yanapatikana wapi?

Jamani, sisi tunaopenda treni ndogo za mezani huku Dodoma tunateseka. Leo muuzaji wa nje kanijibu tena: mzigo umeisha, subiri awamu ijayo. Awamu ijayo lini? Hasemi. Na hela yangu ya kishika nafasi bado anayo.

Viwanda vingi vya treni hizi havitengenezi mfululizo. Vinakusanya oda, vinatoa fungu moja, basi. Ukichelewa unaangukia kwa walanguzi.

Kwetu ni pagumu zaidi. Reli ya Kati, ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Ukiipunguza kwa kipimo cha 1:87, yaani mara 87, unapata karibu milimita 12. Lakini bidhaa zilizojaa sokoni ni za milimita 16.5, yaani za reli pana kuliko hiyo. Hizo zinaifaa reli yetu mpya, SGR, iliyoanza kuleta abiria hapa Dodoma mwaka 2024. Kichwa cha treni yetu ya zamani sijakiona kwa muuzaji yeyote, na ndicho ninachokitaka hasa.

Mabehewa nachonga mwenyewe kwa plastiki na mbao nyembamba, madirisha nayakata kwa wembe. Yanapendeza kweli! Ila magurudumu na ekseli hayachongeki nyumbani. Yakipishana kidogo tu, behewa linaruka reli kwenye kila kiungio.

Mwenye magurudumu ya milimita 12, hata yaliyotumika, aniambie hapa. Nanunua.