Safari ni ya aliyekosa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Mathayo 5:23-24 ("upatane kwanza na ndugu yako") imenibana, na kila nikiitafakari najikuta Msumbiji. Vita vya chama tawala Frelimo na waasi wa Renamo viliua watu karibu milioni moja, wengi kwa njaa. Tarehe 4 Oktoba 1992, Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, walitia sahihi mkataba wa amani mjini Roma; Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikuwa mmoja wa wapatanishi. Ukafuata msamaha wa jumla. Hakuna kesi. Waliopigana wakarudi vijijini kuishi na wale walioumizwa nao. (Mapigano yalirudi 2013, wakasaini tena 2019.)

Nashukuru bunduki zilinyamaza. Lakini kuna jambo linaniuma, na nalisema kwetu sisi wahubiri kwanza. Tu wepesi mno kumwendea aliyeumizwa: "Mama, samehe, usije ukakosa mbingu." Aliyemuumiza tunampa kiti cha mbele na kipaza sauti atoe ushuhuda. Jamani! Anayeambiwa na Yesu aiache sadaka madhabahuni ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Aliyekosa ndiye anayefunga safari. Zakayo mtoza ushuru naye hakusema yaliyopita si ndwele. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne.

Ndiyo maana nampenda Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana. Mwaka 1995, yeye na Baraza la Kikristo la Msumbiji waliwaambia watu: leteni silaha mlizozificha, mchukue majembe, baiskeli, cherehani. Zikaja, nyingine zimefukuliwa ardhini. Zilikatwa vipande, na wasanii wa Maputo wakaziunga zikawa sanamu na viti. Isaya 2:4 kabisa, panga ziwe majembe! Tena aliyeficha ndiye aliyejua pa kuchimba, kwa hiyo ilibidi aende mwenyewe.

Wewe uliyelia kwenye maombi ya upatanisho, ng'ombe wa watu uliowachukua walipokimbia bado wako zizini kwako? Uliyemtaja jirani kwa askari wakaja kumchukua, umeshakwenda kwa mjane wake? Usitume salamu. Nenda. Asipokufungulia, rudi siku nyingine, wala usimlaumu. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mzee wa kanisa akusindikize.

Na wewe mama ambaye bado hujaweza kusamehe, njoo ibadani hivyo hivyo. Atakayekusukuma, mlete kwangu.